Nani Atawapa Wadudu Wetu Majina?

Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya ndugu zetu waliokwisha kutoka hapa shuleni, hudhani kwamba viumbe vyote vya dunia vimekwisha kuandikwa vitabuni, na kwamba kazi iliyotubakia sisi ni kuvikariri tu kwa ajili ya mtihani. Wazo hilo si la kweli, tena lina hasara. Mtu anayeamini kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana hainami kutazama kilicho miguuni pake.

Maoni yangu ni haya. Kumwandika kiumbe kipya, yaani kumtazama, kumlinganisha na wenzake, kumpa jina, na kumweka mahali ambapo kila mtu aweza kumrudia, ni kazi yetu pia. Tena iko sehemu moja ya kazi hiyo ambayo hakuna aiwezaye kama sisi tuliopo hapa. Nitalieleza jambo hili kwa kumtumia mdudu mmoja mdogo ambaye wengi wetu humponda bila hata kumwangalia.

Mdudu huyo ni wa ukoo wa mbawakawa. Mbawakawa wa kawaida twamjua: mgongo wake mzima umefunikwa na mabawa mawili magumu kama ganda. Lakini hawa ninaowasema, mabawa yao magumu ni mafupi mno. Hufunika kifua, na tumbo karibu lote hubaki nje, kama mtu aliyevaa kizibao bila kanzu. Kwa hiyo katika makala haya nitawaita mbawakawa wa kizibao. Wengi wao hawapiti urefu wa punje ya mchele. Ukimshtua mmoja, huenda akainua ncha ya tumbo kama nge, ingawa hana mwiba wowote. Wala usidhani kwamba kwa sababu ya ufupi wa kizibao hawezi kuruka. Chini ya vigamba vile viwili mna mabawa laini, mapana, yaliyokunjwa kama barua ndani ya bahasha ndogo. Wataalamu wa Japani waliompiga picha kwa kamera za kasi walionyesha mwaka 2014 kwamba bawa la kulia na la kushoto hayakunjwi kwa namna moja.

Je, mdudu huyu ana ndugu wangapi? Ndege wote wa dunia ni aina zipatazo 11,000. Wanyama wanyonyeshao ni kama 6,500. Mbawakawa wa kizibao waliokwisha kupewa majina ni zaidi ya aina 60,000, na kila mwaka huongezwa wengine kwa mamia, wengi wao kutoka nchi za joto kama yetu. Hesabu hiyo peke yake yatosha kumnyamazisha mtu asemaye kwamba kazi imekwisha.

Maisha yao nayo si ya namna moja. Wengine huwinda mabuu ya nzi katika mavi ya ng'ombe, wengine hukaa katika uyoga, wengine kandokando ya mito, wengine ndani ya vichuguu pamoja na mchwa. Wa ajabu kupita wote ni wale waishio na siafu. Miili yao imegeuka kwa vizazi vingi hata imefanana na ya siafu wenyewe, nao hutembea katika msafara ule ule bila kuraruliwa. Mwaka 2017 Munetoshi Maruyama wa Japani na Joseph Parker afanyaye kazi Marekani walionyesha kwamba kufanana huko kumetokea angalau mara 12 katika koo mbalimbali, kila ukoo kwa njia yake. Sote hapa twaujua msafara wa siafu, na desturi yetu ni kuukimbia. Lakini nani kati yetu amewahi kusimama kando, kwa uangalifu, akatazama kama wote wapitao ni siafu kweli?

Sasa, mdudu mpya huandikwaje? Wengine hufikiri kwamba ni kuokota mdudu, kukosa picha yake kitabuni, na kupiga kelele. Sivyo. Kwanza mtu huchekecha majani yaliyooza, kisha huyaweka juu ya faneli chini ya taa. Wadudu, wakikimbia joto na ukavu, hushuka chini na kutumbukia katika chupa ya spiriti. Baadaye kila mmoja hugundishwa kwenye kipande kidogo cha karatasi ngumu iliyochomwa pini. Chini ya hadubini hupimwa kichwa chake, macho yake na mabawa yake, na vipingili vya vipapasio vyake huhesabiwa kimoja kimoja. Rangi haitegemewi sana, maana hudanganya. Mara nyingi aina mbili hufanana kwa nje kama mapacha, na tofauti yao huonekana katika kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hutolewa tumboni kwa sindano nyembamba na kuchorwa. Mkono ukitetemeka, kazi ya siku nzima imeharibika.

Kisha huja sehemu iliyo ndefu kupita zote. Kumwita mdudu mpya ni kudai kwamba hakuna mtu aliyemtaja kabla yako, tangu mwaka 1758, Linnaeus alipotoa toleo la kumi la kitabu chake, ambalo ndilo mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Basi ni lazima kuyasoma yote yaliyoandikwa juu ya jamaa zake, na kuazima vielelezo vya zamani kutoka majumba ya makumbusho ili kuvilinganisha. Akiisha kuridhika, mwandishi huchagua mdudu mmoja awe kielelezo cha jina. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa zataka kielelezo hicho kitajwe wazi, na mahali patakapohifadhiwa pia patajwe. Maana yake ni kwamba kila jina lina mwili mmoja unaolishikilia. Watu wakibishana miaka mia moja baadaye, hawabishani kwa maneno matupu. Huenda wakafungua sanduku.

Kwa kuwa kazi hii ni ya subira, wadudu wengine hungoja sana. Mwaka 1832 Charles Darwin, akiwa kijana wa miaka 23, alimkamata mbawakawa wa kizibao huko Bahía Blanca, Argentina, katika safari yake ya merikebu iitwayo Beagle. Mdudu huyo aliishia katika jumba la makumbusho la London, naye hakuna aliyemwandika. Darwin alifariki mwaka 1882, vita viwili vya dunia vikapita, mataifa yetu yakapata uhuru, na mdudu yu pale pale juu ya pini yake. Hatimaye Stylianos Chatzimanolis, mwalimu wa chuo kikuu huko Chattanooga, Marekani, alimkuta miongoni mwa wadudu alioazima kutoka London, akaona kwamba halingani na mwingine yeyote anayejulikana. Akamwandika, akamwita Darwinilus sedarisi, na maelezo yake yakachapishwa tarehe 12 Februari 2014, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Darwin. Neno la kwanza ni la kumheshimu Darwin, na la pili ni la kumheshimu mwandishi wa Marekani aitwaye David Sedaris. Tangu kukamatwa hata kupewa jina, ilipita miaka 182.

Wengi wakisikia habari hii husifu jina la Darwin. Mimi nasifu karatasi. Mdudu yule alikuwa na karatasi iliyosema alipatikana wapi na alikamatwa na nani. Bila karatasi hiyo angekuwa mzoga mkavu tu, wala hakuna ambaye angejua kama ametoka Argentina au Uhindi. Mdudu bila karatasi ni takataka. Mdudu mwenye karatasi ni shahidi. Nayo karatasi haihitaji elimu ya chuo kikuu. Yataka mambo machache: nchi, wilaya, jina la mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, mdudu alikuwa akikaa katika nini, na jina la mkamataji. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuiandika, mradi mwandiko wake usomeke na asiseme uongo.

Hii ndiyo ile sehemu niliyosema hakuna aiwezaye kama sisi. Mgeni kutoka Ulaya aweza kuja na vyombo bora kuliko vyetu, akakaa wiki tatu, akaondoka. Sisi tupo mvua za kwanza zinapoanguka na kumbikumbi wanaporuka. Tupo majani yanapooza na yanapokauka. Twajua ni mwembe gani hutoa uyoga na ni njia ipi hupitwa na siafu. Ujuzi huo hauazimwi kutoka London.

Nasikia tayari swali la msomaji, nalo liliulizwa hata katika mjadala wetu wa shule: jina la mdudu litampa nani chakula, nalo litamponya nani? Ni swali la haki, nami sitalikwepa.

Yuko mbawakawa wa kizibao mmoja ambaye sote twamjua kwa machungu. Ni mwembamba, mwekundu na mweusi kwa zamu, mwenye rangi ya buluu inayong'aa mabawani, naye huja kwenye taa za mabweni wakati wa mvua. Waingereza walimwita nzi wa Nairobi. Jina hilo limekosea mara mbili: si nzi, wala si wa Nairobi peke yake, kwa maana hapa Uganda twaye. Wataalamu huita jenasi yake Paederus, jina lililotolewa na Fabricius mwaka 1775. Mtu huamka na mstari mwekundu shingoni au karibu na jicho, na baadaye hutokea malengelenge yenye kuwaka. Wengine husema ameumwa usiku. Wengine husema buibui amemkojolea. Ukweli ni kwamba mdudu huyo haumi wala hachomi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya mwili, nayo hutoka pale tu mtu anapomponda juu ya ngozi. Tena mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba chanzo cha sumu hiyo ni bakteria waishio ndani ya mdudu.

Angalieni basi faida ya kumjua mtu kwa jina lake. Ukimwona shingoni mwa mwenzako, usimpige kofi. Mpulize, au mwache apande juu ya karatasi, umtoe nje. Ukiisha kumponda kwa bahati mbaya, osha mahali pale mara moja kwa maji na sabuni, wala usijipanguse machoni. Zima taa isiyo na kazi, na tumia chandarua. Haya yote hayana gharama. Lakini aliyeambiwa kwamba ni nzi atanunua dawa ya nzi, na aliyeambiwa kwamba ni buibui atafagia pembe za dari. Jina likikosewa, na dawa hukosewa.

Tena mdudu huyo huyo si adui tu. Shambani yeye na jamaa zake hula vidukari na wadudu wengine waharibuo mimea, na katika mashamba ya mpunga ya Asia wanajulikana kama wasaidizi wa mkulima. Wako wengine, wa jenasi Aleochara, ambao mtoto wao hujipenyeza ndani ya buu la nzi lililokwisha kujifunga katika ganda, akamla humo humo. Huko Ulaya hupunguza nzi waharibuo mizizi ya kabichi. Nani ajuaye ni wangapi wa namna hiyo wanaolinda maharage ya mama zetu bila kupewa hata asante? Hatuwezi kumtunza msaidizi ambaye hatuwezi kumtofautisha na mwivi.

Wako na wasemao kwamba hii ni kazi ya Wazungu. Ni kweli kwamba wengi walioandika wadudu wa Afrika walikuwa wageni. Max Bernhauer wa Austria, aliyekuwa mwanasheria wa kuthibitisha hati, aliandika zaidi ya aina 5,000 za mbawakawa wa kizibao katika saa zake za mapumziko, nao mkusanyo wake uko katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Mimi nasoma habari zake, nami huona moyo: mtu aliyekuwa na kazi nyingine mchana alifanya mambo makubwa jioni. Lakini tusisahau ya kwetu. Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Kenya, alisoma Maseno na kisha Makerere hapa Uganda. Katika miaka ya 1950 na 1960 aliandika aina mpya za kunguni wa mimea wa Afrika, na mwaka 1970 akaanzisha huko Nairobi kituo kikubwa cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ICIPE. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya misheni kama sisi, wala hakuzaliwa na hadubini mkononi.

Hata lugha si kizuizi kama watu wanavyodhani. Kanuni za majina ya wanyama hazilazimishi kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiingereza. Zashauri tu itumike lugha isomwayo na wataalamu wengi, na jina lenyewe liwe kwa herufi za Kilatini, ambazo ndizo hizi tunazoandikia. Wala si lazima jina litoke Ulaya. Mwaka 2005 nyani mdogo wa misitu ya Rungwe, Tanzania, aliandikwa katika elimu kwa jina la kipunji, kama wenyeji walivyomwita, na mwaka uliofuata akapewa jenasi iitwayo Rungwecebus, kwa heshima ya mlima wake. Wawindaji wa pale walikuwa wakimjua zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza na kuandika.

Sitaki kuwalaumu wenye majumba ya makumbusho ya London, Tervuren na Chicago. Wametunza vizuri, na pasipo utunzaji huo mdudu wa Darwin angeliwa na nondo. Hata hivyo lina uchungu jambo hili, kwamba mwanafunzi wa Uganda atakaye kumwona kwa macho yake kielelezo cha mdudu wa Uganda mara nyingi huhitaji pasi ya kusafiria. Picha zilizo katika intaneti husaidia, lakini picha haigeuzwi ubavu wala haionyeshi kilicho tumboni. Dawa yake ni sisi wenyewe kuanza kukusanya na kutunza hapa hapa, na kuwapelekea wataalamu wa Makerere vile vinavyotushinda.

Hapa shuleni jambo hili lina haraka. Ule ukanda wa miti ya asili ulioko kati ya kiwanja cha mpira na kijito unatazamiwa kukatwa, ili ipandwe mikaratusi ya kuni za jiko. Mimi najua kuni ni ghali, na posho ninayokula kila siku hupikwa kwa kuni hizo. Lakini wadudu wapendao kivuli, unyevu na majani ya namna nyingi hawapati makao kama yale chini ya mikaratusi. Tukiukata ukanda ule leo, hatutajua tumeua nini, kwa sababu hatukuwahi kuuliza nani anakaa humo. Hata mtoza kodi hubisha hodi kabla ya kuingia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mikaratusi ipandwe juu ya kilima, pale palipochimbwa udongo wa matofali, ambapo hapaoti kitu, na ukanda wa kijito uachwe. Pili, chama chetu cha elimu ya viumbe kikusanye wadudu wa ukanda huo kwa mwaka mzima, kila mwezi mara moja, na kila mdudu awe na karatasi yake. Tusikusanye kwa pupa: wachache wa kila namna watosha. Tatu, nawageukia ninyi kaka zetu wa zamani. Wengi wenu mna kazi na mishahara. Hatuwaombi jengo. Twaomba pini, spiriti, lenzi mbili tatu za mkononi, na sanduku moja la mbao lenye kifuniko kibanacho vizuri ili mchwa na sisimizi wasiingie. Na yule miongoni mwenu aliye daktari wa mifugo au bwana shamba, na aje siku moja atufundishe kushika sindano bila kutetemeka.

Huenda tukikusanya mwaka mzima tusipate hata mdudu mmoja asiyejulikana. Hiyo pia itakuwa elimu, maana tutakuwa na orodha ya wakazi wa kijito chetu, jambo ambalo leo hatuna. Na huenda akapatikana mmoja, mdogo kama punje ya mchele, ambaye mtaalamu atamtazama, ataguna, na kumtazama tena.

Mimi mwaka huu namaliza masomo, wala sitakuwapo kuona mwisho wa jambo hili. Hilo halinisumbui, kwa kuwa kazi yenyewe haiishi katika maisha ya mtu mmoja. Chama hukutana Jumamosi alasiri, baada ya kazi za mikono, chini ya mwembe ulio karibu na kijito. Atakayekuja aje na chupa yenye kifuniko, na kalamu ya risasi, kwa maana wino hufutika ndani ya spiriti.